Majengo ya Siyu (5): Tekani, Baraza na Kamera za Barabarani

Nyumba ya mawe ya Siyu, mji wa kisiwani Pate, tumekwisha kuieleza, tangu daka lake (kibaraza cha mlangoni) hadi zidaka zake (vishubaka vya ukutani), na leo ilikuwa zamu ya milango. Lakini habari za kamera za barabarani zimenirudisha nyuma, kwenye tekani, ukumbi wa kuingilia. Juni 2025 Uganda ilianza kutoza faini kwa kamera: anayezidisha mwendo kwa chini ya kilomita 30 kwa saa shilingi 200,000, anayepita hapo 600,000. Wiki mbili hazikutimia, Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Katumba Wamala, akausimamisha mpango kwa sababu ya kilio cha wananchi. Kenya nako madereva wananung'unikia faini za namna hiyo. Wako wanaosema kwamba apingaye kamera ni mvunja sheria aliyeogopa kukamatwa. Nasema wamekosea, na shahidi wangu ni ukuta wa tekani.

Mjenzi wa Siyu alibanwa na boriti za mikoko, maana urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Nafasi ilikuwa ghali. Hata hivyo alikata sehemu yake akajenga tekani, ukumbi usiolaliwa wala kupikiwa, ili atokaye dakani akutane na ukuta kwanza, ageuke, ndipo akione kiwanda, yaani ua wa ndani. Mji ulionakili misahafu kwa mkono ulijua vyema kwamba Suratun-Nur yaamrisha kubisha hodi na Suratul-Hujurat yakataza upelelezi. Wanazuoni husimulia kwamba Sayyidna Umar, khalifa, alisikia sauti ya mtu akiimba usiku, akaruka ukuta, akamkuta mtu na mvinyo. Yule mtu akamjibu: mimi nimekosa moja, wewe matatu; umepeleleza, umeingia pasipo mlangoni, wala hukubisha wala kusalimu. Umar, pamoja na cheo chake na nia yake njema, alimsamehe akatoka. Kosa lilikuwapo, tena la wazi, lakini njia ya kulijua ililibatilisha shauri lote. Nalipenda sana jambo hili, kwa kuwa watawala wetu husoma sheria za makosa na kuziruka sheria za kuyatafuta.

Nitaambiwa: barabara si ndani ya nyumba. Ni kweli, na ndiyo maana nyumba ile ile ina baraza mbele yake. Mzee aketiye barazani huwaona wapitao wote na hakuna amlaumuye, kwa sababu naye anaonekana, ana jina, anasalimiwa, na akimsingizia mtu atajibiwa hapo hapo. Kamera yaona bila kuonekana. Madereva wa Uganda hawakudai haki ya kukimbiza magari. Walilalamika kwamba mabango ya mwendo hayakuwapo au hayakueleweka, na faini imekwisha kuandikwa. Nitaambiwa tena kwamba barabara zinaua, na Kenya peke yake huzika zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Hilo ni zito, na kamera iliyotangazwa, penye bango, huwapunguzia mwendo madereva kabla ya ajali. Iliyofichwa huleta bili baada ya hatari kupita. Na sheria tunayo: Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kadi za utambulisho za Huduma zilitolewa bila kufanywa kwanza tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kamera itazamayo namba za magari haina sababu ya kusamehewa tathmini hiyo.

Basi maoni ya umma juu ya kamera yakiitishwa, msomaji, nenda ukaulize kwa sauti: bango liko wapi, picha inakaa kwa nani na kwa muda gani, na katika kila shilingi ya faini mwenye kamera anapata ngapi. Asiyeweza kujibu hayo hajabisha hodi, na haifai afunguliwe. Makala ijayo, inshallah, ni ya milango.