Kupima Bahari ya Ngome kwa Safu Isiyotosha

Mawimbi huutafuna mwamba wa matumbawe ambao juu yake Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Mwanafunzi wa Mombasa anayetaka kujua maji hupanda na kushuka kiasi gani hapo hahitaji mtambo wa gharama. Bodi ya Arduino Uno na kipimaumbali vyamtosha. Ila kazi yake yaweza kuharibika angali darasani, katika hesabu.

Tuseme anapima kila dakika kwa saa 24. Vipimo ni 1,440, na kila kimoja huchukua baiti 2: jumla 2,880. Kumbukumbu ya kazi ya bodi hiyo ni baiti 2,048 tu. Akiitangaza safu, yaani mfululizo wa vyumba vya kuhifadhia vipimo, nje ya fankisheni zote, programu ya kutafsiri itamkatalia waziwazi. Akiitangaza ndani ya fankisheni, huenda asiambiwe neno, bodi ikapotewa na akili ikiwa kazini. Wapo wanaomshauri anunue bodi kubwa zaidi. Mimi siafiki. Maji huchukua takriban saa 6 kujaa na saa 6 kupwa; akipima kila dakika 10 atahitaji vyumba 144, baiti 288, wala hapotezi kitu cha maana.

Hapo ndipo hutokea kosa la hila. Vyumba 144 huhesabiwa kuanzia 0 hadi 143. Akiandika katika chumba chenye namba 144, lugha ya C haimzuii: anafuta kilichomo kwa jirani, pengine kile kigeu kinachohesabu vipimo. Programu huendelea, na bahari husingiziwa kimo ambacho haikufika. Ukubwa wa safu upewe jina moja litumikalo kote, na sharti la mzunguko liwe “chini ya”, si “chini ya au sawa na”.

Aidha, safu iliyotangazwa ndani ya mzunguko mkuu haina dhamana ya kubaki na vipimo vya awali. Itangazwe nje, au itanguliwe na neno static. Ikipelekwa kwenye fankisheni nyingine, inayofika ni anwani yake tu. Idadi ya vyumba ipelekwe pamoja nayo.

Kabla ya kushuka ufukweni, mwalimu amwamuru mwanafunzi aijaze safu namba 0 hadi 143 mezani, kisha azisome zote. Namba moja ikibadilika, kifaa kisitoke darasani.