Vitamini E Hulinda Alizeti. Na Moyo Je?

Msomaji wa Kibaigwa, mkoani Dodoma, ameniandikia kuhusu baba yake. Mzee hubanwa kifua kila anapopanda mwinuko au kubeba kitu kizito. Akipumzika dakika chache, maumivu hupoa. Hospitali walimpima wakamwambia ni anjaina, yaani mishipa inayoulisha moyo imeziba kiasi, na moyo ukifanya kazi ya ziada haupati damu ya kutosha. Akapewa aspirini, statini ya kupunguza lehemu, na vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana. Kisha akaja shemeji yake na kopo la vitamini E za uniti 400, vile vidonge laini vya rangi ya asali, akamwambia ameze kimoja kila siku pamoja na vitamini C. Kopo huisha kwa mwezi na bei yake si haba. Binti anauliza kama baba anapona au hela inakwenda bure.

Sitaanza na vitamini A, nikaja B, nikamaliza na K. Hayo mliyasoma shuleni, na kopo lenyewe limeyachapa mgongoni. Naenda moja kwa moja kwenye E, kwa sababu msomaji wangu anaishi katikati ya ghala lake. Dodoma na Singida ndiko kitovu cha alizeti nchini, na katika mafuta tunayopikia kila siku ni machache yanayoifikia alizeti kwa vitamini hiyo: kama miligramu 41 katika kila gramu 100. Kijiko kimoja cha chakula kinakupa miligramu 5 na ushee, wakati mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni miligramu 15. Karanga zinazosagwa na kutiwa kwenye mlenda nazo zinaongeza. Uniti 400 za kwenye kopo, kwa vitamini E ya asili, ni karibu miligramu 268. Ili uzipate kwenye alizeti ungelazimika kunywa zaidi ya nusu kilo ya mafuta, kila siku.

Alizeti haikutuwekea sisi vitamini hiyo. Imejiwekea yenyewe, ilinde mbegu yake. Mafuta yake yamejaa asidi linoleiki, mafuta mepesi yasiyoganda hata asubuhi za Juni pale baridi ya Dodoma inapowatoa watu na makoti. Wepesi huo una gharama. Katika kila molekuli ya asidi hiyo kuna mahali ambapo haidrojeni imeshikiliwa kwa ulegevu, na jua, joto na hewa vikikutana, haidrojeni hiyo hung'oka. Hapo ndipo mafuta yanapoanza kuchacha. Asiyenielewa anuse chupa ya alizeti iliyoanikwa wiki kadhaa juani kando ya barabara, au atafune karanga za msimu wa juzi: ule ukakasi unaokwaruza koo ndio huo.

Namna mafuta yanavyochacha hunifurahisha kuliko jambo lolote lingine katika kemia ya chakula, kwa hiyo nivumilieni. Waliosoma shule za bweni watanifahamu upesi. Alfajiri mwanafunzi anaamka, ndoo yake ya kuogea haipo. Kengele imeshalia, hana muda wa kuitafuta, anachukua ya jirani. Jirani akiamka hana ndoo, anachukua ya kitanda cha pili. Ndoo iliyopotea ni moja tu, lakini kufikia saa moja bweni zima limeshaibiana. Molekuli ya mafuta iliyonyang'anywa haidrojeni hufanya vivyo hivyo. Inageuka kuwa kile wanakemia wanachokiita radikali huru, inadaka oksijeni, inamvamia jirani na kumpokonya haidrojeni yake. Jirani naye anakuwa mwizi mpya, na safari inaendelea kitanda kwa kitanda.

Sasa mtie bwenini mwanafunzi mmoja wa aina yake. Ndoo yake iko mlangoni, haina jina wala kufuli, na kila mwizi akipita huichukua hiyo kabla ya kufikiria nyingine. Huyo ndiye vitamini E. Huitoa haidrojeni yake kwa kasi inayokaribia mara 1,000 ya ile ya mafuta yanayomzunguka. Kizuri zaidi ni kinachofuata: akishaibiwa, hatoki kwenda kuiba. Anakaa kitandani ametulia, kwa sababu umbo lake la pete linaieneza ile elektroni iliyobaki pweke hata ikapungukiwa ukali. Wizi unaishia kwake. Ndiyo maana molekuli yake moja inaweza kulinda mafuta yanayofikia molekuli 1,000.

Halafu kuna vitamini C. Yeye ni wa majini, haingii bwenini kwenye mafuta. Anapita verandani, anamkuta mwenzake hana ndoo, anampa nyingine kupitia dirishani, na vitamini E anarudi kazini. Aliyemshauri mzee ameze zote mbili pamoja hakubahatisha. Hesabu ya karatasini inamuunga mkono.

Makopo haya huandikwa kwamba ndani yake kuna "viondoa sumu". Neno hilo linanikera. Hakuna sumu iliyoondolewa hapa, kuna mnyororo uliokatwa, na ningeona afadhali tuseme kikatamnyororo hata kama BAKITA watacheka. Atakayesoma "kiondoa sumu" atadhani akimeza vingi atasafishika zaidi, na huo ndio mtego wenyewe wa biashara.

Turudi kwenye mishipa ya mzee. Lehemu haisafiri peke yake katika damu. Hubebwa ndani ya chembe ndogo za mafuta, na kila chembe ya ile tunayoiita lehemu mbaya huwa na molekuli chache tu za vitamini E, sita hadi nane hivi. Chembe hizo hujipenyeza kwenye ukuta wa mshipa, na baadhi yake huchacha humohumo. Seli za kinga huzila, zinaendelea kula hata zikajaa mafuta na kuonekana kama povu, na povu hilo likirundikana mshipa unapungua upana. Mwaka 1989 Daniel Steinberg na wenzake nchini Marekani waliyapanga maelezo hayo vizuri, na dawa ikaonekana kujitaja yenyewe: kama tatizo ni kuchacha, mpe mgonjwa vitamini E.

Wazo hilo lilikuwa na babu yake. Mwaka 1946, katika mji wa London, jimbo la Ontario nchini Kanada, daktari Evan Shute na wenzake walitangaza kwamba vitamini E kwa wingi inatuliza maumivu ya anjaina. Yeye na nduguye Wilfrid waliendelea kuitetea kwa miaka mingi. Mwaka huohuo, Waingereza walioishiwa mafuta ya kula baada ya vita walituma wataalamu Tanganyika kutafuta pa kulima karanga, wakachagua Kongwa, wilaya ileile ya msomaji wangu. Walianza 1947, wakakutana na udongo unaogeuka saruji kiangazi na mvua isiyotabirika, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umezikwa. Mawazo yote mawili yalikuwa safi kwenye karatasi. La Kongwa lilipata jibu lake mapema zaidi.

Jibu la vitamini E lilisubiri majaribio makubwa. La kwanza lilitia moyo: Cambridge, Uingereza, mwaka 1996, wagonjwa 2,002 wa moyo, na waliopewa vitamini E walipata mashambulizi machache zaidi ya yale yasiyoua. Vifo havikupungua, lakini magazeti hayakuweka hilo mbele. Mwaka 2000 yakaja matokeo ya jaribio la HOPE: watu 9,541, uniti 400 kila siku, dozi ileile ya kopo la shemeji, kwa miaka minne na nusu. Tofauti haikuonekana. Wagonjwa hao walipofuatiliwa zaidi, matokeo ya 2005 yalionyesha waliomeza vitamini E wakipata zaidi tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu.

Jaribio ninalolipenda ni la Uingereza la 2002, lenye watu 20,536. Nusu yao walimeza vitamini E, C na beta-karotini kwa miaka mitano, na damu yao ilionyesha wazi kwamba vitamini ziliingia. Mioyo yao haikujali. Lakini watafiti haohao, katika watu haohao, walikuwa wakijaribu pia statini iitwayo simvastatini, miligramu 40 kwa siku, na hiyo ilipunguza mashambulizi ya moyo na kiharusi kwa karibu robo. Ni nadra sayansi kukuwekea vitu viwili kwenye mizani moja namna hiyo.

Kwa nini kikatamnyororo kinachofanya kazi kwenye chupa kishindwe kwenye mshipa? Roland Stocker na wenzake waliokuwa Sydney, Australia, walianza kulionyesha jambo hilo mwaka 1992. Chembe ya lehemu ni bweni dogo mno lililofungwa. Vitamini E akiibiwa ndoo humo, hana pa kwenda, na kama hapiti mtu verandani wa kumpa nyingine, mwishowe anamgeukia jirani na kuiba. Mlinzi anakuwa mwanzo wa wizi mpya. Miaka mitatu baadaye watafiti wa huko walipima povu lililotolewa kwenye mishipa ya wagonjwa, wakakuta mafuta yaliyochacha yamelala pamoja na vitamini E na C tele. Ukuta wa mshipa haukuwa na upungufu wa kuzibwa kwa kopo.

Vitamini nyingine hazikufanya vizuri zaidi. Folati, B6 na B12 zilijaribiwa kwa wagonjwa 5,522, matokeo yakatoka 2006. Vitamini D kwa watu 25,871, yakatoka kati ya 2018 na 2019. Hakuna iliyouokoa moyo. Mjamzito anahitaji folati yake, na aliyepimwa akakutwa na upungufu atibiwe. Hizo ni habari nyingine.

Kwa hiyo dada yangu, hela ya kopo inakwenda bure, na kwa mzee anayemeza aspirini vitamini E nyingi inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Mwambie daktari wake kwamba amekuwa akizimeza. Alizeti na karanga aendelee kula. Statini na aspirini asiache hata siku anayojisikia mzima. Kidonge cha chini ya ulimi kikae mfukoni, kisiachwe kabatini: kifua kikibana, akae chini, aweke kimoja, na dakika tano zikipita bila nafuu mtafute gari mara moja. Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma inatibu moyo. Mnachookoa kwenye kopo kilipie statini ya mwezi na nauli ya kliniki.