Sura ya Tano: Uhuru wa Watu Wazima

Wanaoniuliza kuhusu torati na imani huja na makosa matatu. La kwanza, kwamba torati ilikuwa kitu kibaya ambacho Kristo alikuja kukitupa. La pili, kwamba aliyewekwa huru anaishi apendavyo. La tatu, lililoenea zaidi makanisani mwetu, kwamba Mkristo aliyekomaa ni yule mwenye masharti mengi kuliko wenzake. Nitayachukua kwa mpangilio huo.

Kosa la kwanza ni la zamani. Marcion, tajiri wa meli kutoka Sinope kwenye Bahari Nyeusi, alilifundisha Roma mpaka kanisa la huko likamtenga mwaka 144. Alitaka Agano la Kale lote liwekwe kando, na alidai Paulo yuko upande wake. Paulo hayuko huko. Katika Waraka kwa Wagalatia anaanza na Abrahamu, aliyehesabiwa haki kwa kuamini. Torati inakuja miaka 430 baadaye, na haiji kuifuta ahadi. Kazi yake, kwa mfano anaoutumia Paulo, ni ya mlezi. Katika nyumba za wenye mali za Wagiriki na Warumi, mtoto wa kiume alikabidhiwa mtumwa wa kumsindikiza shuleni, kumbebea vitu vyake, kumkanya akikosa adabu njiani na hata kumchapa. Mtoto yule ndiye mrithi wa mashamba, na wa mtumwa huyo pia, lakini kwa wakati ule alikuwa chini ya amri yake. Alipokuwa mtu mzima, ulezi ulikoma. Hakuna aliyesema mlezi alikuwa mbaya. Muda wake ulikuwa umekwisha.

Kosa la pili nilikusudia kulijibu kwa sura ya 5 ya waraka huohuo, lakini kuna habari ya watu wawili inayolijibu vizuri zaidi, na lazima tukae hapo kwanza.

Paulo alipanda Yerusalemu pamoja na Barnaba, akamchukua na Tito, Mgiriki asiyetahiriwa. Huko wakawepo waliotaka Tito atahiriwe. Paulo akakataa katakata, wala hakuwakubalia hata kidogo. Sasa fungua Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo yuko Listra, anamwona Timotheo, ambaye mama yake ni Myahudi aliyeamini na baba yake ni Mgiriki. Anataka kusafiri naye, basi anamtahiri. Wakati huohuo Paulo anapita mji kwa mji akiwasomea waumini uamuzi wa mitume kwamba watu wa mataifa hawalazimiki kutahiriwa!

Wapo waliomwita Paulo kigeugeu kwa ajili ya habari hii. Hawakuisoma kwa makini. Waliotaka Tito atahiriwe walisema bila kisu hicho hawezi kuhesabiwa miongoni mwa watu wa Mungu. Kumkubalia mmoja wao kungekuwa kuwaambia Wagalatia wote kwamba Kristo hatoshi. Kwa Timotheo hakuna aliyesema wokovu wake una upungufu. Tatizo lilikuwa milango ya masinagogi: Wayahudi wa sehemu zile walijua baba yake ni Mgiriki, na wasingemsikiliza. Timotheo akakubali. Kutahiriwa ukubwani, zama ambazo dawa ya ganzi haikuwepo, ni damu na siku za maumivu. Alikuwa huru kukataa, akayabeba kwa ajili ya watu wengine. Anayesema uhuru wa imani ni ruhusa ya kufuata tamaa zake amtazame kijana huyu.

Ndiyo maana siwezi kuvumilia kosa la tatu. Muumini amebatizwa, ameamini, halafu anaambiwa akisuka nywele sala yake haifiki. Anaambiwa anunue mafuta ya upako, maji na chumvi, alale amevipanga kando ya kitanda, na mwisho wa mwezi atoe sadaka maalumu ya kuvunja laana ya ukoo, kana kwamba msalaba ulifanya nusu ya kazi. Huo si ukomavu hata kidogo. Ni hirizi iliyopewa jina la Kikristo, na anayeiuza anamrudisha mrithi chini ya mlezi ili ale mali yake.

Sisemi watu waache kufunga, au wavae bila kujali aliye karibu nao. Funga ukitaka kuomba kwa utulivu. Acha chakula fulani ikiwa kinamkwaza mwenzako mezani. Paulo mwenyewe alikuwa tayari kufanya hivyo.

Lakini ukidaiwa sharti lolote, muulize anayelidai mbele ya watu: nisipolitimiza, Mungu atanikataa? Akijibu ndiyo, mkatalie kama Paulo alivyowakatalia waliotaka Tito atahiriwe, na usimpe hata shilingi.