Istilahi za Saikolojia ya Mahakama

Miongoni mwa fani ambazo kijana wa Unguja anaweza kuzifikiria amalizapo kidato cha sita, imo moja ambayo bado haijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Ni fani inayochunguza nafsi na akili ya binadamu kwa ajili ya mahakama: nafsi ya mshtakiwa, ya shahidi, ya mtoto aliyedhulumiwa, na ya mtu anayetumikia adhabu. Wengine huiita saikolojia ya jinai, wengine saikolojia ya kisheria, na wengine saikolojia ya mahakama. Katika makala haya tumekusudia kueleza fani yenyewe ni nini, husomwaje, na humfikisha mwanafunzi katika kazi zipi. Lakini kwa kuwa wasomaji wetu ni wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, tutakaa zaidi kwenye maneno yake, kwani hapa tafsiri ya neno moja yaweza kuamua kama mtu atapelekwa hospitali au gerezani.

Tuanze na jina. Kivumishi kinachotumika katika lugha za Ulaya kwa fani hii chatokana na neno la Kilatini forum, yaani uwanja wa mji ambapo Warumi walikutana kufanya biashara, kuzungumza mambo ya umma na kusikiliza kesi. Mkaazi wa Mji Mkongwe hahitaji maelezo marefu hapa. Baraza ya mawe iliyo mbele ya nyumba yake ni mahali pa kukaa, pa kupokea wageni na pa mazungumzo. Na neno hilo hilo likapanda cheo hadi likawa mkutano wa mtawala wa kusikiliza mashauri, na leo ni jina la vyombo vingi vya dola. Laiti neno baraza lisingekuwa limekwisha kubebeshwa mizigo mingine, lingefaa kuliko yote.

Saikolojia ya jinai ni jina linalobana mno, kwa sababu mtaalamu wa fani hii huitwa pia katika mashauri yasiyo ya jinai, kama vile malezi ya watoto baada ya talaka, au uwezo wa mzee kufanya wosia. Saikolojia ya kisheria nalo lapotosha, maana msomaji aweza kudhani ni saikolojia iliyoidhinishwa na sheria, kama tusemavyo mkataba wa kisheria. Sisi tunaona saikolojia ya mahakama ndilo jina linalosema jambo lenyewe: ni elimu inayofanya kazi mbele ya mahakama na kwa ajili yake. Ama tahajia, Zanzibar huandika mahkama, karibu zaidi na asili ya Kiarabu, na Tanzania Bara huandika mahakama. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, haukuzimaliza tofauti za namna hii, nasi hatuoni haja ya kugombea irabu moja.

Masomo yake ni marefu. Nchini Uingereza, mathalani, mwanafunzi husoma kwanza shahada ya saikolojia kwa miaka 3, kisha shahada ya uzamili ya fani hii, kisha hufanya kazi chini ya msimamizi kwa miaka isiyopungua 2 hivi ndipo aandikishwe. Na tangu mwaka 2009 si ruhusa kwa mtu asiyeandikishwa kujiita kwa jina hilo la kazi. Nchini Marekani chama cha wanasaikolojia kiliitambua fani hii kuwa ubingwa rasmi mwaka 2001. Kwa mwanafunzi wa kwetu njia haijanyooka hivyo. Aweza kuanza na saikolojia, ustawi wa jamii, sheria au udaktari, kisha akaongeza saikolojia ya tiba, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kwa hiyo hukutana na mahakama kupitia mlango wa pembeni, akiwa amesoma istilahi zake zote kwa Kiingereza, na siku ya kutoa ushahidi hutakiwa aseme Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama Tanzania Bara. Hapo ndipo upungufu wa istilahi unapodhihirika.

Swali aulizwalo mara nyingi ni hili: je, mshtakiwa ana akili timamu? Kwa sikio la kawaida hilo ni swali moja. Kwa hakika ni maswali matatu. La kwanza ni la tabibu: mtu huyu anaumwa? La pili linahusu wakati uliopita: alipotenda tendo lile, alijua alitendalo, na alijua kuwa ni kosa? Kipimo hiki kilitokana na kesi ya Daniel M'Naghten, aliyemuua katibu wa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1843, na sheria za makoloni ya Waingereza zikakirithi. La tatu linahusu leo: anaweza kuyaelewa mashtaka na kujitetea? Mtu aweza kuwa mgonjwa na bado akawajibika kwa tendo lake. Aweza kuwa mzima siku ya tendo akaugua akiwa mahabusu. Mkalimani anayeyafunga yote matatu ndani ya akili timamu humlazimisha mtaalamu ajibu ndiyo au siyo pasipo na jibu la namna hiyo. Tunapendekeza maneno matatu yatenganishwe: ugonjwa wa akili kwa la kwanza, dhima ya tendo kwa la pili, na uwezo wa kujitetea kwa la tatu.

Maneno ya mtaani nayo yana elimu yake. Mwendawazimu ni neno lenye udugu na mzimu. Majinuni, tulilolipata kwa Waarabu, ni mtu aliyeingiliwa na jini. Yote mawili huweka chanzo cha maradhi nje ya mgonjwa. Mwanasaikolojia asiyelijua hilo hatamwelewa mama wa Makunduchi anayesema mwanawe amepandisha. Naye hakimu asiyelijua aweza kuyachukua maneno ya mama kuwa ni kisingizio tu, kumbe ni maelezo ya dalili kwa lugha aliyo nayo. Punguani ni jambo jingine kabisa. Huyo amepungukiwa tangu utotoni, haponi kwa dawa, na kumpeleka hospitali ya maradhi ya akili kusubiri apone ni kumfunga bila kikomo. Kwa huyo tuseme mwenye ulemavu wa akili, na tusimchanganye na mgonjwa.

Neno baya kuliko yote limo katika maandishi ya sheria yenyewe. Zipo sheria za Afrika Mashariki zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza zilizomwita mtu aliyetenda kosa akiwa mgonjwa kwa maneno ambayo, yakifasiriwa neno kwa neno, hutoa mwendawazimu mhalifu. Lakini ikiwa mahakama imekwisha kuona kwamba hakuwa na dhima, uhalifu umetoka wapi? Mfasiri mwaminifu hapa hujikuta akimtia hatiani mtu ambaye mahakama imemwondolea hatia. Tanzania Bara watu hao huwekwa Isanga, Dodoma, jirani na Hospitali ya Mirembe iliyoanzishwa mwaka 1927. Huko pia hupelekwa washtakiwa kwa uchunguzi, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imempa mganga siku 42 za kutoa taarifa yake. Unguja hospitali ya maradhi ya akili ni Kidongo Chekundu. Istilahi tunayoiona ya haki ni mgonjwa aliyewekwa kwa amri ya mahakama. Ni ndefu, twakiri. Lakini urefu wake haumdhulumu mtu.

Upande wa mashahidi, fani hii imegundua mambo yanayotuhusu sisi wa lugha moja kwa moja. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa katika mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali walitaja wastani wa maili zaidi ya 40 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha upole walitaja 31.8. Filamu ni zile zile. Askari wetu anayemwuliza shahidi wa ajali ya Mwera kama magari yaligusana, yaligongana au yalivaana, hajui kwamba amekwisha kumpa nusu ya jibu.

Mwaka uliofuata Loftus alionyesha kwamba hata kijineno kinachoonyesha kitu kuwa ni mahususi huongeza idadi ya watu wanaodai wamekiona kitu ambacho hakikuwapo. Kiswahili hakina kijineno hicho, lakini kina kiambishi cha yambwa. Uliona kisu? ni swali. Ulikiona kisu? ni swali lililokwisha kumwambia shahidi kwamba kisu kilikuwapo. Silabi moja, ki, yatosha kuharibu ushahidi, na katika mafunzo ya upelelezi yafaa ifundishwe na mwalimu wa sarufi.

Kazi yenye uzito mkubwa zaidi Unguja, kwa maoni yetu, ni ile ya kumsikiliza mtoto. Zanzibar ilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2011, na mwaka huo huo kituo cha Mkono kwa Mkono kikaanzishwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambapo aliyedhalilishwa hupata daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Mwaka 2021 ikaanzishwa mahkama maalumu ya makosa ya udhalilishaji. Neno lenyewe udhalilishaji ni la Zanzibar. Bara husema ukatili wa kijinsia. Sasa, mtoto akisema baba, je, ni baba mzazi, baba mdogo, au mume wa mama? Akisema kafanyiwa tabia mbaya, wapo mawakili watakaodai hajasema lolote. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kukubali katika hukumu zake kwamba mtoto aweza kueleweka kwa lugha ya staha aliyolelewa nayo. Mtaalamu aliyesomea fani hii hujua kumwacha mtoto asimulie kwa maneno yake, na kuuliza “baba yupi?” bila ya kumtajia jina.

Zipo kazi nyingine: ustawi wa jamii, polisi, ualimu wa chuo kikuu, utafiti. Popote aendapo, mtaalamu akumbuke kuwa ni shahidi wa mahakama, si mtumishi wa upande wowote. Mwaka 1954 J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali ya Mathari ya Nairobi, aliiandikia serikali ya kikoloni ya Kenya taarifa juu ya saikolojia ya Mau Mau, na madai ya watu juu ya ardhi yao akayageuza kuwa kasoro ya akili zao.

Mwisho tutaje magereza, ambako Zanzibar ina istilahi yake pekee. Taasisi hiyo huitwa Chuo cha Mafunzo, na afungwaye humo ni mwanafunzi, ingawa wazee wa mjini bado husema fulani kapelekwa Kiinua Miguu. Jina hilo lilikusudia kurekebisha badala ya kutesa, na laafikiana vyema na kazi ya mwanasaikolojia. Lakini tumfikirie mfasiri wa taarifa kuhusu mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepelekwa Chuo cha Mafunzo kuwahoji wanafunzi. Kwa taarifa za aina hiyo twashauri wa chuo kikuu aitwe mwanachuo, na neno mwanafunzi aachiwe yule anayetumikia adhabu.