DHAHABU YA GEITA: FAIDA INABAKI KWENYE MARUDIO

Vilima vya Geita vimechimbwa muda mrefu. Mgodi wa zamani ulifanya kazi kuanzia mwaka 1936 hadi 1966, na mwaka 2000 mgodi mkubwa wa kisasa, GGM, ukaanza uzalishaji. Kandokando ya vilima hivyo kuna Nyakabale, Nyamalembo na Mgusu; upande wa kusini, Nyarugusu na Lwamgasa. Huko wachimbaji wadogo nao wana biashara yao.

Mawe yakitoka duarani hugawanywa kwa mifuko kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wanaapolo. Mifuko hupelekwa karashani kusagwa, unga huoshwa mwaloni, dhahabu hunaswa kwa zebaki na kuchomwa. Kinachopatikana huuzwa.

Tangu Machi 2019, Geita ina soko rasmi la dhahabu. Mwaka huohuo Serikali iliwafutia wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Sokoni mzani uko wazi na bei ya siku inajulikana, hivyo dalali wa porini hana tena nafasi kubwa ya kumpunja muuzaji.

Hata hivyo, hasara kubwa hutokea kabla ya kufika sokoni. Kwa kawaida zebaki hukamata theluthi moja tu ya dhahabu, au pungufu. Tuseme mfuko una gramu 3: mwanaapolo ataondoka na gramu 1, na gramu 2 zitabaki kwenye mchanga uliooshwa, yaani marudio. Kwa desturi ya machimbo mengi, marudio ni mali ya mwenye karasha. Naye huyalundika, kisha huyachenjua kwa sayanaidi au kumuuzia mwenye mtambo.

Kwa hiyo aliyeingia shimoni hupata sehemu ndogo, na mwenye mtaji akavuna iliyobaki bila kushika sururu. Ndiyo maana STAMICO ilijenga kituo cha mfano cha uchenjuaji Lwamgasa, ili mchimbaji mdogo apate dhahabu zaidi katika mawe yaleyale bila zebaki, ambayo pia ni sumu kwa anayeichoma.

Kwa mchimbaji ambaye bado anategemea karasha la mtu, suala la kwanza si bei ya gramu sokoni. Aulize kabla mfuko haujafunguliwa: marudio ni ya nani? Wakikubaliana kugawana, waandikiane.