Kafa Ulaya Mikononi mwa Fundi

Zamani nguo za mitumba ziliitwa kafa Ulaya, kana kwamba kila koti lilivuliwa maiti. Jina lilikosea kuhusu kifo, ila liligusa jambo moja la kweli: nguo hiyo ilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine. Ndiyo maana nyingi huishia chini ya kabati. Tunalaumu rangi, tunalaumu fasheni iliyopita, kisha tunarudi kwenye masoko ya mitumba kama Karume au Gikomba kupekua tena, ilhali kasoro ni vipimo. Shati pana la kiume likibanwa ubavuni na kupunguzwa mikono huvaliwa ofisini bila mtu kuuliza lilikotoka. Kola iliyochakaa hufumuliwa, ikageuzwa upande wa pili, ikashonwa upya. Kiuno na pindo ni kazi ndogo kwa fundi yeyote mwenye cherehani barazani. Mabega ndiyo makaidi: kuyarekebisha kwenye koti lenye bitana ni kufumua mkono mzima, kwa hiyo sokoni yatazame hayo kwanza, urefu baadaye. Geuza pia nguo ndani nje, uone kama mshono umeachiwa kitambaa cha kutosha kuipanua. Ukishainunua, chomoa uzi mmoja uuchome: pamba hunuka kama karatasi inayoungua, polista huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Mwenye macho hayo hupata vitu hata kwenye fagia, mabaki ambayo wanunuzi wa kamera, yaani chaguo la kwanza, wameyaruka.

Wapo watakaosema fundi hugharimu kuliko nguo yenyewe. Huenda, lakini bei ya kununulia ni kipimo kibovu. Gauni la bei ya chee lisilovaliwa ni ghali kuliko lililolipiwa fundi likavaliwa kila wiki.

Hoja ya viwanda ni nzito zaidi. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuelekea kuondoa mitumba ifikapo 2019, ili kuinua viwanda vya nguo vya hapa. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake juu ya mitumba, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Anayeona marobota yanabana viwanda vyetu ana haki ya kulalamika. Lakini lalamiko hilo linahusu robota lijalo, si koti ambalo tayari linaning'inia kwako. Koti hilo likifanyiwa kazi, pesa inabaki kwa fundi wa mtaani, na safari moja ya kwenda kupekua inaahirishwa. Wengine hulipamba kwa kiraka cha kitenge wakidhani wamelitia uzalendo. Kinapendeza kweli, ingawa kitenge chenyewe mara nyingi nacho kimeshuka bandarini. Kwa koti lililochanika kiwiko, kipande kilichokatwa kwenye pindo lake lenyewe hukaa vizuri zaidi, maana ni kitambaa kile kile.