SOMO LA REDIO: ALIYE KARIBU KUKOSA NYUMBA

Leo twatazama jambo la Uingereza. Huko, mtu akiwa karibu kukosa makao, humwendea nani?

Huenda kwenye halmashauri ya mji au wilaya yake. Sheria ya mwaka 1977 ndiyo ya kwanza kuzilazimisha halmashauri kuwapatia nyumba baadhi ya watu wasio na makao. Lakini wengi walirudishwa, wakaambiwa wangoje mpaka watolewe nje. Basi ikaja sheria ya 2017, iliyoanza kutumika Aprili 2018. Yasema: ikiwa mtu yu karibu kukosa makao katika muda wa siku 56, halmashauri haina budi kuanza kumsaidia. Siku 56 ni majuma manane.

Tumfikirie mama mpangaji. Amepata barua ya kumtaka ahame. Akijua kusoma tarehe, atahesabu siku zake. Ataichukua barua ile pamoja na karatasi za kodi, aende ofisini mapema. Afisa atamwuliza: Watoto ni wangapi? Mshahara ni kiasi gani? Lipo deni la kodi? Kisha wataandika mpango, na kila mmoja ataonyeshwa kazi yake. Pengine afisa atasema na mwenye nyumba, maana huenda ugomvi ni wa deni tu. Pengine atasaidia kutafuta nyumba nyingine.

Mama huyo asihame kwa haraka! Barua peke yake haimtoi mpangaji. Kwa kawaida shauri hupita mahakamani kwanza. Akiondoka bila sababu njema, halmashauri yaweza kusema amejitakia mwenyewe.

Na aliyekwisha kutolewa je? Mwenye watoto, mwenye mimba, au aliyekimbia kupigwa nyumbani, hupewa pa kulala kwa muda. Mahali penyewe si pazuri sikuzote. Jamaa nzima yaweza kuwekwa katika chumba kimoja cha hoteli. Kijana mzima wa afya, asiye na mtoto, kwa kawaida hapewi hata hicho. Yeye hupata mashauri, mpango wake, na siku 56 za kusaidiwa kutafuta. Kwangu mimi, hapo sheria imepungukiwa. Tena mgeni huulizwa kwanza kibali chake cha kukaa nchini.

Sasa mwalimu aandike ubaoni: BARUA. TAREHE. MPANGAJI. Kisha kila mmoja ahesabu katika daftari lake: kutoka tarehe 3 Machi, siku 56 zitatimia lini?